Kiwanja cha Jiji la Dodoma: fundi mwashi anakipa alama

Kabla hujaniuliza bei ya tofali, mimi nitakuuliza kiwanja umekitoa wapi. Ukisema "cha Jiji", tunaanza hesabu palepale. Ukisema "nimeuziwa na mzee mmoja, tuliandikiana kwa mwenyekiti wa mtaa", nitaomba kwanza tukae chini tuzungumze.

Mimi ni fundi mwashi hapa Dodoma, mzaliwa wa Mvumi. Mkate wangu kwa miaka hii umetokana na kujenga nyumba za watu ambao hawakutaka kabisa kuja huku. Watu huandika maoni juu ya simu, juu ya hoteli na mabasi, wakatoa na nyota. Juu ya bidhaa iliyougeuza mji wetu sijaona mtu akiandika, nayo ni kiwanja kilichopimwa na kuuzwa na halmashauri. Basi ngoja niandike mimi, maana nimevichimba misingi vingi kuliko karani yeyote.

Nianze na tulikotoka, maana bila hapo hutaelewa kwa nini naisifia serikali ya mtaa, kitu ambacho mafundi hatukizoei. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Ukaundwa mpango kabambe mwaka 1976, uliochorwa na kampuni ya Canada, na ikawepo Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA. Halafu tukasubiri. Mawaziri wakawa wanakuja kwenye Bunge na kurudi Dar es Salaam. Ukienda Dar ukasema umetoka Dodoma, utani ulikuwa mmoja tu: vumbi na ombaomba. Sisi Wagogo tulicheka nao, maana mtani huwezi kumnunia, lakini mtu ukirudi kwenye basi usiku unakumbuka.

Mwaka 2016 Rais Magufuli akasema Serikali inahamia, na safari hii ikahamia kweli. Tarehe 15 Mei 2017 akaivunja CDA, na kazi zake zote, pamoja na ardhi, zikaangukia kwa manispaa. Aprili 26, 2018, siku ya Muungano, manispaa ikatangazwa kuwa jiji. Fikiria sasa: halmashauri ya mji uliokuwa ukidharauliwa inakabidhiwa ardhi yote ya makao makuu, na wizara nzima nzima ziko njiani zinakuja na watumishi wanaotafuta pa kulala. Wangeweza kuzubaa mwaka mmoja tu, na leo tungekuwa na Manzese nyingine, ule mtaa wa Dar uliojengwa bila mpango, kuanzia Nkuhungu mpaka Ihumwa.

Hawakuzubaa. Hilo ndilo ninalolipa alama za juu kuliko yote: walipima kabla watu hawajajenga. Miji yetu mingi huenda kinyume. Watu wanajenga, wanazaa, wanazikana, ndipo mpima ardhi anakuja na jina zuri la "urasimishaji" kutafuta barabara ipite wapi katikati ya choo cha huyu na jiko la yule. Hapa vijana wa upimaji waliingia porini na vyombo vyao, mikwaju na mibuyu ikiwa bado imesimama, wakapanda bikoni, zile alama za mipaka, Iyumbu, Nala, Mtumba, Nzuguni na kwingine. Viwanja vikatangazwa, watu wakajaza fomu, ikatolewa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya Serikali, wakalipia benki au kwa simu. Mwaka wa fedha 2018/19 Dodoma ikaongoza majiji kwa kukusanya mapato ya ndani, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitokana na ardhi. Ardhi ileile tuliyokuwa tukichekewa.

Kitu kingine ambacho watu wa nje hawakijui: chini ya CDA mtu alipewa umiliki wa miaka 33. Benki inakuangalia, inahesabu miaka iliyobaki, inakurudishia makaratasi yako. Baada ya CDA kuvunjwa ikaja hati ya miaka 99 kama kwingine nchini. Kwa mwenye kiwanja ni karatasi tu iliyobadilika. Kwa fundi ni tofauti ya mteja anayejenga chumba kimoja kimoja kila akipata bonasi, na mteja anayekuja na mkopo akasema "Fundi, piga msingi wote."

Sasa bidhaa yenyewe. Ukinunua kiwanja cha Jiji unapata namba ya kiwanja na kitalu, ramani yenye vipimo, matumizi yaliyoandikwa (makazi, biashara, au makazi na biashara), na bikoni kwenye pembe. Kwa mnunuzi bikoni ni kizibo cha zege chenye chuma. Kwangu mimi ni nusu ya kazi. Nafunga kamba bikoni kwa bikoni, naingia ndani kwa umbali unaotakiwa kutoka barabarani na kwa jirani, natafuta pembe mraba kwa pembetatu ya tatu nne tano, napima ulalo pande zote mbili. Vikilingana, kesho yake asubuhi vijana wanachimba. Hakuna mzee anayekuja na panga kusema mpaka wake ulikuwa kwenye ule mkwaju uliokatwa. Hakuna kugundua, nyumba ikiwa imefika kwenye renta, juu ya madirisha, kwamba sebule imeingia kwenye hifadhi ya barabara na ukuta unasubiri X nyekundu ya kubomolewa.

Na barabara ipo. Nasisitiza: ipo kwenye ramani na ipo ardhini, hata kama bado ni vumbi tupu. Tipa la mchanga linafika mpaka mlangoni. Watu hawajui ni fedha kiasi gani hupotea pale ambapo tipa haliingii, mchanga unamwagwa barabara kuu na kuanza kusombwa kwa toroli. Mteja anadhani fundi anamwibia.

Mama mmoja mtumishi wa wizara, mtu wa Dar kwa kuzaliwa, alikuja na ramani ya nyumba aliyoipata huko huko. Varanda kubwa, yote imetazama mashariki. Nikamwuliza, "Mama, hii varanda ya nini?"

"Ya kupata upepo, fundi. Jioni tukae nje."

Nikamwambia upepo wa Dodoma hauombwi. Kiangazi unatoka huko huko mashariki, umebeba vumbi la mashamba yote yaliyovunwa, na mwezi wa saba una baridi ya kukutafutia sweta. Tukaigeuza ramani. Sasa anakaa varandani upande wa pili na ananitumia salamu kila Krismasi. Nasema haya kwa sababu kiwanja cha Jiji kinakupa nafasi ya kugeuza nyumba. Kiwanja cha kubanwabanwa, mlango unaelekea pale palipobaki.

Jambo ambalo ramani haikuambii ni udongo. Mji wetu una sehemu za udongo mwekundu wa changarawe, hapo unachimba kidogo unakuta pagumu, na una sehemu za mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Viwanja viwili vya bei ileile kwa mita ya mraba, vya kitalu kimoja, kimoja kinahitaji msingi wa kawaida wa mawe na kingine kinataka nondo chini mpaka mteja anashika kichwa. Halafu kumbuka tuko kwenye eneo la bonde la ufa, ardhi hutikisika mara kwa mara. Nyumba bila mkanda wa zege juu ya madirisha mimi sijengi, hata ukiniongeza hela. Ningependa siku moja wanaouza kiwanja waandike na aina ya udongo kwenye tangazo, mstari mmoja tu.

Bibi yangu aliishi kwenye tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, ng'ombe wamelala pembeni. Watu wanaiona kama nyumba ya umaskini. Mimi kama mwashi naona watu walioijua nchi yao, mvua chache, upepo mwingi, jua kali, wakajenga chini na nene. Nyumba tunazojenga sasa zina mapaa marefu yaliyochongoka kama kofia za harusi, na kila Agosti napigiwa simu bati zimeng'oka.

Kuna upande wa bidhaa hii unaonisumbua. Dodoma ni nchi ya zabibu. Ukipima eneo la kupanda nyumba, mara nyingi unapima shamba la mtu. Sheria inataka mwenye shamba alipwe fidia ndipo bikoni ipandwe, na kwa hesabu za makaratasi mambo huwa yamekaa sawa. Lakini nimewahi kuchimba msingi na kukuta mashina ya mizabibu yaliyokatwa, mwenyewe amesimama kando anatazama. Akanisalimu "Mbukwa", nikaitika. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa wanajenga nini?" Nikasema nyumba ya kupangisha. Akasema vizuri, atakuja kuomba kazi ya ulinzi. Alikuwa hatanii. Alipata kazi hiyo kweli, na mwenye nyumba hakuwahi kujua kwamba mlinzi wake ndiye aliyekuwa mwenye shamba. Mji ukikua hivi haraka, fedha humfikia mzee kwa mkupuo mmoja na kuisha kwa mkupuo mmoja. Sijui halmashauri ingefanyaje zaidi, ila ningefurahi kuona wazee kama yule wanabaki na kiwanja chao kimoja kilichopimwa pembeni mwa fidia.

Maji sasa. Mji huu kwa miaka mingi umenyweshwa na visima vya Makutupora. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo hili. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Visima havizai. Ndiyo maana kuna mpango wa bwawa la Farkwa kule Chemba na wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria. Mambo hayo ni makubwa kuliko halmashauri, na mtu akija kulalamika kwa diwani wake kuhusu Farkwa anamwonea tu. Lakini kwenye bajeti ya ujenzi weka boza la maji na simtanki kubwa tangu siku ya kwanza. Zege halisubiri mgao. Vitalu vipya vilivyo mbali na mji, bomba huja nyuma ya nyumba, halitangulii. Umeme huwa unawahi zaidi.

Hapa ndipo alama zangu zinashuka, na si kwa Dodoma peke yake, ni kwa mtindo wote wa mji kuishi kwa kuuza viwanja. Kiwanja unakiuza mara moja. Fedha hiyo ikiisha kwenye semina na posho, umebaki na barabara za kwenye ramani. Ikirudi kwenye greda, mitaro na mabomba, kiwanja cha jirani kinapanda bei na unauza tena. Jiji lilielewa hili mapema kwa kiasi fulani, likaingia kwenye vitega uchumi: likajenga hoteli yake katikati ya mji na jengo lingine kule Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Kama hoteli ni kazi ya halmashauri au la, vijiweni tunabishana mpaka chai inapoa. Mimi niko upande wa mitaro. Hoteli, yeyote mwenye hela atajenga; mtaro wa mtaa hakuna tajiri atakayekuchimbia.

Nzuguni nenda ukajionee mwenyewe. Stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai viko jirani, vyote vimejengwa kwa mradi wa miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, sawa na bustani ya Chinangali. Kwa jicho la fundi kazi ni safi. Swali la watu lilikuwa umbali: nani atatoka Majengo, soko lipo miguuni pake, aende Nzuguni kununua nyanya? Swali la haki. Lakini mtu aliyejenga Nzuguni haulizi hivyo. Kwake soko lililo mbali ni la Majengo. Ukinunua kiwanja usipime umbali wake kutoka Nyerere Square kama tulivyozoea. Mji una vichwa vitatu sasa: mjini, Mtumba, na Nzuguni. Barabara ya mzunguko ya nje yenye kilomita 112.3 imebadilisha hesabu zaidi, maana inapita mashamba ambayo zamani tuliyaita "huko".

Nitaje na mikopo ya asilimia kumi, maana inaingia kwenye tofali lako. Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Kuna kikundi cha vijana ninachonunua kwao bloku. Mashine ya kufyatulia waliipata kwa mkopo huo. Bloku zao nazichagua kwa sababu wanazimwagia maji siku zinazotakiwa na hawachanganyi mchanga mchafu. Nikilinganisha na za wale wanaofyatua usiku na kuuza asubuhi, ukizidondosha tofauti unaisikia kwa sikio. Kwa hiyo kiwanja kilichouzwa Iyumbu kimenunua mashine, mashine imefyatua tofali, tofali limejenga nyumba Iyumbu. Mzunguko huo ukikatika mahali popote, mji unarudi kwenye vumbi.

Tahadhari moja kwa mnunuzi. Si kila kiwanja kinachoitwa "cha Jiji" kimetoka Jijini. Dalali mmoja, jina nalihifadhi, alimpeleka mteja wangu kuoneshwa kiwanja kizuri, bikoni zote zipo, na akampa nakala ya ramani. Nilipokwenda kufunga kamba, namba iliyochorwa kwenye bikoni haikufanana na ya kwenye karatasi. Kiwanja kilikuwa cha Jiji kweli, ila kilikuwa cha mtu mwingine. Mteja alikuwa bado hajalipa chote, kwa hiyo aliokoa kilichookoleka. Fanya hivi: nenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja na kitalu, waulize jina lililopo na kama kodi ya pango imelipwa. Halafu nenda kiwanjani na fundi, umsomee namba yeye akisoma bikoni. Fedha usimpe mtu mkononi. Kiwanja cha Jiji kinalipiwa kwa kontroo namba, hakuna namna nyingine. Dalali akikuambia kuna njia ya mkato, chukua bajaji urudi nyumbani.

Na usinunue mwezi wa nane. Mwezi wa nane kila kiwanja Dodoma ni kizuri. Njoo mwezi wa kwanza au wa pili mvua ikiwa imenyesha jana yake, uone maji yanapita wapi. Makorongo yetu ni makavu miezi mingi mpaka mgeni anadhani ni njia ya ng'ombe.

Alama, basi. Upimaji na mpangilio: tano kwa tano, na sitoi tano kirahisi. Usalama wa karatasi: nne, ile moja nawakata madalali japo si wa Jiji. Huduma zinazofuata baada ya kuuziwa, maji, mitaro, greda: mbili na nusu kwa vitalu vya pembeni, nne kwa vya karibu. Bei nisingependa kuisemea. Inategemea umenunua lini, na aliyenunua mapema anacheka.

Wengi huniuliza, fundi, wewe ungechukua wapi? Mtumba na Ihumwa wamekwishawahi wenye mishahara mikubwa. Iyumbu pazuri, jirani na Chuo Kikuu, lakini wapangishaji wamejaa. Mimi ningeweka hela Nala, upande wa barabara ya Singida. Barabara ya mzunguko inakutana pale, kiwanda cha mbolea cha Warundi kipo, na wafanyakazi wa viwandani wanataka chumba na sebule, choo ndani, bei ya kawaida. Anza na vyumba viwili nyuma, chimba tangi la maji la chini kabla ya kitu kingine chochote, nyumba kubwa mbele uiachie msingi tu. Ukiwa tayari nitafute baada ya mavuno. Mvua zikianza vijana wangu wengi wanarudi kulima.